Unga usio na ngano: muhogo wa Kagunga una soko, lakini si wa kila kiroba

WIKI hii ukurasa wa soko unakwenda mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, katika kijiji cha Kagunga, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Bidhaa tunayoitazama ni ya kawaida, na wengi huipita sokoni bila kuigeukia: mihogo mikavu na unga wake. Inatazamwa kwa sababu wapo wanunuzi wanaoulizia unga usio na ngano hata chembe, na wapo wachuuzi wanaojibu haraka kwamba unga wao ni safi bila kujua wanaulizwa nini hasa.

Swali hilo lina fedha ndani yake, na pia lina afya ya mtu. Kwa hiyo tutaeleza mambo matatu: mnunuzi huyu ni nani, bidhaa gani za kwetu zinamfaa kwa bei nafuu, na mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo ahesabu vipi kabla ya kutia fedha yake kwenye boti.

Mnunuzi huyu ni nani?

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa ngano uvutike, na ndiyo inayomwezesha mpishi wa chapati kukunja na kusukuma bila donge kukatika. Kwa watu wengi protini hiyo haina madhara. Wapo hata hivyo watu ambao wakiila, miili yao hushambulia utumbo wenyewe. Ugonjwa huo huitwa siliaki. Mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kuharisha kwa muda mrefu, akavimba tumbo, akapungukiwa damu na kudumaa hata kama nyumbani kwao chakula kipo. Hakuna kidonge cha kuuponya; dawa yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ambaye alitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 1950. Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja katika kila mia ana ugonjwa huu, na wengi hawajui kwamba wanao. Msomaji asidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba miongoni mwa watoto 990 wa Sahara Magharibi waliopimwa, asilimia 5.6 walikuwa nao. Hao ni Waafrika ambao ngano imekuwa chakula chao cha kila siku.

Mbali na wagonjwa, wapo wanaoacha ngano kwa sababu tumbo linawasumbua wakiila, na wapo wanaofuata mtindo tu. Mfanyabiashara ayatenganishe makundi haya. Anayefuata mtindo akiletewa unga uliochanganyika kidogo hataona tofauti. Mgonjwa ataumia, na hatarudi tena kununua.

Bei ya dukani na bei ya sokoni

Mwenye tatizo hili akiingia duka kubwa la mjini, iwe Dar es Salaam, Nairobi au London, huonyeshwa rafu ya vyakula vilivyoandikwa kwamba havina gluteni. Bei yake ni ya juu kuliko ya unga wa kawaida, kwa sababu mnunuzi analipia kiwanda kilichotengwa, vipimo vya maabara, pakiti ndogo na safari ndefu. Akigeuza pakiti na kusoma kilichomo atakuta mchele, mahindi, viazi na muhogo. Ndiyo kusema analipa bei ya kigeni kwa mazao yanayolimwa nyumbani kwetu.

Kwa familia ya Kigoma au Ujiji, orodha ya vyakula visivyo na gluteni kwa asili ni ndefu. Wanga: muhogo, mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, viazi vitamu, viazi mviringo na ndizi. Kitoweo: dagaa, migebuka, maharage, kunde, njugu, karanga, mayai, nyama na mboga za majani. Mafuta: mawese, ambayo Kigoma ina sifa nayo tangu zamani. Sahani ya kawaida ya mwambao, yaani ugali wa muhogo, dagaa na maharage yaliyoungwa kwa mawese, haina gluteni hata kidogo ikiwa hakuna kilichoingizwa njiani.

Shida huanza kwenye kifungua kinywa na kwenye vitafunio. Maandazi, chapati, sambusa, mikate, tambi na visheti vyote ni ngano. Hapo mapishi ya pwani yanasaidia. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele. Bajia za dengu au kunde hazihitaji ngano. Uji wa ulezi au wa mtama hauhitaji ngano. Muhogo wa kuchemsha kwa chai hauna mashaka.

Mlaji auulize kila mchuuzi, maana siku hizi wapo wanaotia unga wa ngano kwenye vitumbua na bajia ili vishikane na kuongezeka. Mafuta yaliyokaangia maandazi asubuhi hayafai kukaangia chakula cha mgonjwa mchana. Unga wa lishe wa watoto mara nyingi huchanganywa ngano pamoja na mahindi, soya na karanga, kwa hiyo mzazi asinunue kwa kutazama picha ya mtoto mnene kwenye pakiti. Sosi ya soya, soseji na bia ya shayiri navyo viwekwe kwenye orodha ya mashaka.

Ipo sababu nyingine ya kibiashara ya kutazama mbadala wa ngano. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania hutoka nje. Mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipozuka, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na mwenye mgahawa wa chapati huku kwetu akaumia kwa ugomvi usiomhusu. Muhogo haupangiwi bei na bandari za Bahari Nyeusi.

Kwa nini Kagunga

Kwa miaka mingi Kagunga imefikiwa kwa maji. Boti za mbao zinatoka Kibirizi, pembeni mwa mji wa Kigoma, zinapita Hifadhi ya Gombe na vijiji vya mwambao kama Mwamgongo, hadi zinapofika mwisho wa nchi. Upande mmoja milima imesimama, upande wa pili ni ziwa. Ukivuka mpaka uko Burundi, kwenye njia ya Nyanza-Lac na Rumonge; ng'ambo ya ziwa ni Kongo.

Watu wa pande zote tatu wanakula ugali wa muhogo. Kwa mfanyabiashara hilo ndilo jambo la kwanza kulijua. Soko kubwa la muhogo hapa halijui neno gluteni. Ni la mama anayetaka ugali wa jioni, awe Muha, Mrundi au Mbembe. Soko la wasiokula ngano ni nyongeza juu ya hilo. Anayetia mtaji wake wote akitegemea nyongeza peke yake anajenga juu ya mchanga, kwa kuwa wateja hao ni wachache, wametawanyika mijini, na wanahitaji uthibitisho kabla ya kulipa zaidi.

Jambo la pili ni kwamba mahali penye njia moja, tatizo moja hufunga kila kitu. Mei 2015 makumi kwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliingia Kagunga kwa wiki chache. Kipindupindu kilizuka, na meli kongwe ya Liemba ilibidi iwabebe kuelekea Kigoma. Kijiji kidogo kikawa na walaji wengi kuliko chakula na maji yaliyokuwapo. Mwenye mzigo Kagunga akumbuke kwamba dhoruba, mtafaruku wa mpakani au maradhi vinaweza kuuzuia mzigo wake ufukweni wakati mkopo unaendelea kuhesabiwa riba.

Muhogo gani, uliotengenezwaje

Muhogo mbichi hausubiri soko. Ukishang'olewa, ndani ya siku mbili au tatu unaanza kubadilika rangi na kuoza. Ndiyo sababu unaokwenda mbali hukaushwa. Kwa kawaida kilo tatu hadi nne za muhogo mbichi hutoa kilo moja ya mkavu, hivyo anayenunua shambani ajue kwamba theluthi mbili hadi robo tatu ya uzito anaolipia ni maji na maganda.

Zipo njia mbili kuu za kuutengeneza. Ya kwanza ni kuulowesha siku kadhaa mpaka ulainike na kuchacha, kisha kuuanika na kuusaga. Kanda ya Ziwa muhogo wa namna hiyo huitwa udaga. Unga wake una harufu na ladha ambayo wala ugali wanaipenda. Njia ya pili ni kumenya, kuosha, kukwaruza, kukamua maji na kuanika siku hiyo hiyo, bila kuchachusha. Unga wake ni mweupe, hauna harufu, na unafaa zaidi kwa mikate na keki. Mradi wa C:AVA, ulioanza mwaka 2008 katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulihimiza njia hii ya pili ili mkulima mdogo apate soko la viwanda na la waokaji.

Mwenye biashara aulize mteja wake anataka upi. Ukimpelekea mwokaji wa keki unga wa udaga atakurudishia, na mla ugali wa Kagunga ukimpelekea unga usio na ladha ya kuchacha atasema umemletea wanga wa nguo.

Hapa kuna hatari ambayo hairuhusu mzaha. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Kulowesha vizuri au kukwaruza na kukamua ndiko kunakoiondoa. Haraka ya kuuza imewahi kuwalemaza watu. Katika eneo la Bandundu, kusini magharibi mwa Kongo, barabara ya lami ilipofika na wanunuzi wa Kinshasa wakawa wengi, akina mama walipunguza siku za kulowesha kutoka tatu hadi hata moja ili wauze zaidi. Watafiti walikuja kuhusisha jambo hilo na ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na moja kwa moja. Hapa Tanzania ugonjwa huo ulizuka wilaya ya Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipofupisha utengenezaji kwa sababu ya njaa.

Kwa hiyo mnunuzi anayewasukuma wakulima wamalize haraka kwa kuwa boti inaondoka kesho, ajue anachosukuma. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo wa kuliwa, kilichowekwa na Codex mwaka 1989, kinataka sianidi isizidi miligramu 10 kwa kilo na unyevu usizidi asilimia 13.

Unyevu nao una adhabu yake. Muhogo usiokauka vizuri huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kipande kilichokauka huvunjika kwa sauti na hakipindi. Chenye madoa meusi au ya kijani kisiingizwe mashineni kwa matumaini kwamba unga utaficha.

Gluteni inaingiaje kwenye muhogo?

Muhogo hauna gluteni, lakini unga wa muhogo unaweza kuwa nayo. Kiwango kinachotumika Ulaya, Marekani na katika Codex ni kwamba chakula kikiandikwa hakina gluteni, basi isizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Tufanye hesabu ili msomaji aone udogo wa kiasi hicho.

Unga wa ngano una gluteni karibu sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Gunia la kilo 100 za unga wa muhogo linaruhusiwa kuwa na miligramu 2,000 tu za gluteni, yaani gramu 2. Gramu 2 za gluteni zimo katika gramu 20 hivi za unga wa ngano. Hiyo ni vijiko viwili vya chakula. Vijiko viwili vya ngano vikiingia kwenye gunia zima, mzigo umefika ukingoni. Kijiko cha tatu kinauvusha.

Vijiko hivyo hutoka wapi? Kwanza ni mashine ya kusaga. Mashine iliyosaga mchanganyiko wa lishe wenye ngano asubuhi hubaki na unga kwenye mdomo, kwenye chekeche na kwenye mfuko wa kupokelea. Anayesaga baada yake hubeba mabaki hayo. Pili ni viroba. Viroba vya unga wa ngano vikishatumika mikateni huuzwa kwa bei ndogo, na ndivyo vinavyobebea mihogo, dagaa na maharage. Ukikikung'uta kiroba hicho utaona mwenyewe vumbi jeupe. Tatu ni turubai na sakafu ya ghala, ambako mizigo ya jana huacha mabaki. Nne ni muuzaji wa rejareja anayetumia kopo moja na mizani moja kwa ngano na kwa muhogo.

Mambo yote manne yanazuilika bila mtambo wa kigeni. Viroba viwe vipya. Turubai liwe la muhogo tu, na uanikaji uwe juu ya chanja. Mashine isafishwe, kisha kilo 20 hadi 30 za mwanzo za muhogo zisagwe na kuuzwa kama unga wa kawaida wa ugali kwa asiyeulizia gluteni. Zinazofuata ndizo za mteja maalumu. Bora zaidi ni kupata mashine isiyogusa ngano kabisa. Na vijijini mwambao, ambako kazi kubwa ya mashine ni muhogo na mahindi, hilo si gumu kama ilivyo mjini. Hapo ndipo Kagunga ina nafasi ambayo mji mkubwa hauna.

Mnunuzi naye ajifunze kuuliza. Swali la “Mama, unga huu ni safi?” litajibiwa “Safi kabisa, baba,” na mama hatakuwa amedanganya, maana kwake safi ni usio na mchanga. Aulize hivi: “Mama, umesaga mashine gani? Ile mashine inasaga ngano au unga wa lishe? Hiki kiroba mwanzo kilikuwa cha nini?” Akijibiwa kwamba kilikuwa cha ngano, ashukuru kwa ukweli na anunue mihogo yenyewe kutoka sehemu nyingine, akaisage upya. Familia yenye mgonjwa inaweza kuokoa fedha nyingi kwa kununua mihogo mikavu mizima, kuifuta, kuiosha haraka, kuianika tena na kuitwanga nyumbani kwenye kinu chake.

Hesabu ya mfanyabiashara mdogo

Namba zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu. Si bei za soko la wiki hii. Msomaji aweke zake mwenyewe.

Tuseme umenunua kilo 1,000 za mihogo mikavu kwa Sh. 800 kwa kilo. Umelipa Sh. 800,000. Umewalipa watu wa kuchagua Sh. 30,000, nao wametupa kilo 50 zenye ukungu na mchanga. Zimebaki kilo 950, na kusaga ni Sh. 70 kwa kilo, yaani Sh. 66,500. Kilo 30 za mwanzo za kusafishia mashine umeziuza kwa Sh. 1,000 kila moja na kupata Sh. 30,000. Kilo 20 zimepotea kwa vumbi na chekeche. Unabaki na kilo 900 safi. Viroba vipya 36 vya kilo 25 kwa Sh. 1,000 ni Sh. 36,000. Boti na wabeba mizigo ni Sh. 60,000.

Jumla umetumia Sh. 992,500. Ukitoa Sh. 30,000 zilizorudi, gharama ni Sh. 962,500. Gawanya kwa kilo 900, utapata karibu Sh. 1,070 kwa kilo.

Wengi huhesabu bei ya muhogo na kusaga tu, wakapata Sh. 870, wakauza kwa Sh. 1,000 huku wakidhani wanapata faida ya Sh. 130. Katika mfano huu wamepoteza Sh. 62,500 kwenye tani moja, kabla ya kuhesabu nauli yao na siku walizolala Kibirizi wakisubiri mteja. Ukiuza kwa Sh. 1,200 utapata Sh. 117,500. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni hili: yupo nani aliyekubali kulipa ile tofauti ya usafi? Kama hayupo, uza unga wa kawaida kwa gharama za kawaida, wala hakuna aibu katika hilo. Ubaya ni kuubatiza unga wa kawaida jina la unga maalumu.

Maandishi ya “hauna gluteni” kwenye pakiti ni ahadi inayopimwa maabara. Mwenye nia ya kuuza dukani au nje ya nchi aanze kwa kuzungumza na Shirika la Viwango, TBS, kisha apime sampuli ya mzigo wake. Asiyekuwa na kipimo anaweza kusema kweli rahisi: unga wa muhogo mtupu, umesagwa kwenye mashine isiyosaga ngano. Mteja mwenye akili ataelewa tofauti ya kauli hizo mbili.

Mpaka, fedha na mizani

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa cheti cha uasili kwa mizigo midogo ya thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Mchuuzi aulize forodhani kabla ya kupakia, si baada ya kukamatwa. Njia ya panya huonekana nafuu mpaka siku mzigo unapotaifishwa. Ndani ya nchi, bajeti ya 2017/18 ilifuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwenye mzigo mdogo aijue haki yake na aulize kama utaratibu umebadilika.

Kuhusu fedha, anayeuza kwa faranga za Burundi akumbuke Mei 2023, Benki Kuu ya Burundi iliposhusha thamani ya sarafu yake. Aliyekuwa amekopesha kwa faranga aliamka amepungukiwa. Uza kwa shilingi, au badilisha siku ile ile.

Mizani nayo isisahauliwe. Lumbesa humwibia mkulima na mwisho humwibia kila mmoja, kwa kuwa hakuna anayejua amenunua kilo ngapi. Anayenunua kwa uzito anaweza kufanya hesabu tuliyoionyesha. Anayenunua kwa kilemba cha gunia anabahatisha.

Majira

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndicho wakati wa kuanika. Mihogo hukauka vizuri na kuwa myeupe, ingawa upepo wa kusini huchafua ziwa na safari huahirishwa. Mvua zikianza, mkavu huadimika, wa madoa huongezeka, na mwenye akiba safi ghalani huwa na sauti sokoni. Anayetaka kuhudumia wateja wasiokula ngano mwaka mzima hana budi kununua kiangazi na kuhifadhi mihogo ikiwa vipande, kisha kusaga kidogo kidogo kadiri wateja wanavyoagiza. Unga hauvumilii unyevu kama vipande.

Pia mtu atazame mashamba kabla ya kuahidi. Michirizi kahawia ni maradhi ya muhogo yanayoweza kumwacha mkulima na mizizi iliyooza ndani wakati majani yanaonekana mazima. Ngoa shina moja, kata, tazama, ndipo utoe malipo ya awali.

Ushauri wetu

Kwa mlaji: huhitaji rafu ya kigeni. Nunua muhogo, mchele, ulezi na mahindi yakiwa mazima, tenga kinu na chekeche, na fedha iliyobaki iende kwenye dagaa na maharage, maana muhogo peke yake hauna protini ya kutosha kumjenga mtoto. Usianze kumwachisha mtoto ngano kwa kubahatisha kabla hajapimwa, kwa sababu kipimo cha siliaki huweza kutoa majibu ya uongo kwa aliyekwisha kuacha.

Kwa mwenye mtaji mdogo: soko la ugali ndilo nguzo, soko la wasiokula ngano ni ziada. Anza na gunia mbili, mteja mmoja wa kweli na mashine moja unayoijua. Andika kila kiroba kimetoka kwa nani na kimesagwa lini, ili mteja akilalamika ujue pa kuanzia.

Kwa kikundi cha akina mama au vijana wa mwambao: mashine moja inayotengwa kwa muhogo tu, ikilindwa kwa makubaliano ya wote kwamba ngano haipiti hapo, inaweza kuwa mali kubwa kuliko shamba jipya. Lakini makubaliano hayo yakivunjwa mara moja kwa ajili ya kilo tano za jirani, jina la wote linapotea, na mtoto wa mtu ambaye hamtamwona kamwe ataharisha huko aliko kwa sababu ya vijiko viwili.